Kikombe Ambacho Daktari Hakutajiwa

Kila siku alipotoka shule, Hemlata alivua sare, akala mkate wa mahindi kwa chatine ya kitunguu saumu, kisha akaketi uani kuchambua mizizi. Ulikuwa msimu wa kung'oa ashwagandha, mmea ambao mizizi yake husagwa na kunywewa ili kuleta nguvu, na katika vijiji vya karibu na mji wa Manasa hapakuwa na uwanja uliobaki mtupu. Mizizi minene iliwekwa huku, myembamba kule. Harufu yake ni ya farasi aliyetoka jasho, na haitoki mikononi hata ukinawa kwa sabuni.

Mwaka huo furaha ya mavuno haikuwepo, kwa sababu mama yake, Shantabai, alikuwa anakwisha. Mikono ilimtetemeka, moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi, na bangili zilizokuwa zikimbana sasa zilimdondoka zenyewe.

"Mchemshie maziwa," Bibi aliamuru.

Hemlata alichemsha maziwa, akatia samli na kijiko cha unga wa mizizi. Bibi akaongeza kijiko kingine, kwa huruma tu.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia mkwewe. "Mizizi hii iliniinua kila nilipojifungua. Wewe itakushindaje?"

Kadiri Shantabai alivyodhoofika, ndivyo kikombe kilivyokolezwa.

Shantabai alikuwa na ugonjwa wa tezi ya shingo, na kila asubuhi alimeza kidonge. Baba, Bherulal, alishampeleka mjini kwa Daktari Tasneem, na daktari aliuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia. Bherulal alijibu kwamba hakuna. Hakudanganya, maskini. Kijijini kwao kilichotoka shambani kwako ni chakula, na nani humtajia daktari chumvi ya mboga?

Asubuhi moja Shantabai alianguka juu ya rundo la mizizi. Walimpakia kwenye trela la trekta, kichwa chake mapajani mwa Hemlata, na njia nzima msichana alimwomba asifumbe macho.

Hospitalini damu ilipimwa. Daktari Tasneem alirudi na majibu, uso umemkunjamana.

"Homoni za tezi zimepanda kupita kiasi, kama mtu anayemeza vidonge maradufu. Nani humpa dawa?"

"Mimi," alisema Hemlata. "Nampa kimoja, daktari. Kimoja tu."

Bherulal alimgeukia. "Hemu, sema kweli. Hukukosea hata siku moja?"

Maneno hayo yalimchoma. Baba yake mwenyewe alimshuku, na mama yake alikuwa pale kitandani, mshipa wa shingo ukimrukaruka.

"Nampa kimoja," alirudia akilia, "halafu nampa maziwa ya—"

Bibi alimfinya mkono. "Maziwa tu," alinong'ona. "Nyamaza. Unataka watu waseme bibi yako anamuua mkwewe?"

Hemlata alimpenda Bibi, na hakuwahi kumpinga mbele ya watu. Alimtazama tena mama yake. Kisha akasema yote: unga, samli, kijiko cha kwanza na cha pili, asubuhi na jioni.

Daktari, ambaye mnong'ono ule ulimfikia, alivuta kiti akaketi karibu na Bibi, ambaye sasa alijifunika uso kwa ushungi.

"Hukutaka kumuua, Bibi. Ulitaka apone. Wazee wetu wameitumia mizizi hii tangu kale kuleta nguvu na usingizi. Watafiti nao wameijaribu, na baadhi ya watu walilala vizuri zaidi, wasiwasi ukapungua, ingawa majaribio mengi bado ni madogo. Lakini imeonekana pia kwamba inaweza kupandisha homoni hizi za tezi. Huyu tayari anameza kidonge cha kuzipandisha. Mnampandisha ngazi mara mbili, moyo utahimili?"

"Mimi sikujua kama ni dawa," alisema Bibi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Nyinyi hamkuficha maradhi, mlificha kikombe."

Maziwa yale yalikatazwa, na kidonge kikasimamishwa kwanza. Siku za mwanzo zilikuwa za hofu. Kisha moyo ukaanza kutulia. Baada ya wiki kadhaa Shantabai alirudi nyumbani, amekonda lakini anacheka.

Siku hiyo jirani yao, Kamlabai, alikuja kuomba mizizi kidogo kwa ajili ya mumewe, anayemeza dawa za kisukari.

"Amuulize daktari wake kwanza," alisema Bibi.

"Makubwa! Siku hizi hata chakula chako kina daktari?"

"Kinachoweza kuinua kinaweza kuangusha. Daktari akikuuliza unatumia nini, mtajie kila kinachopita kooni, hata ulichokipanda mwenyewe."

Kamlabai alipoondoka, Bibi alimwita Hemlata akaushika mkono ule aliomfinya.

"Nilikufundisha kwamba heshima ni kunyamaza mbele ya wakubwa," alisema. "Ungenitii siku ile, mjukuu wangu, mama yako tungekwisha kumpangia kuni za kuchomea maiti."