Dobi Aliyeitika

Shati lilikataa kukauka. Dobi alilipitishia pasi mgongoni, akapita mikononi, akarudi kwenye kola, na kola ikabaki mbichi vilevile. Pasi ilikuwa ya moto. Mkaa ulikuwa umeiva mwekundu, na alipoigusisha kwenye kitambaa cha kujaribia, kitambaa kiliungua papo hapo. Lakini shati jeupe la karani wa mahakama, mteja wake wa miaka mingi, lililala pale mezani likivuja maji kidogokidogo, na dobi akalitazama kwa hasira ya mtu aliyedharauliwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Alikuwa na haki ya kukasirika, maana kwa kazi hiyo alikuwa hodari, tena mwenye maringo. Mtaani walimtania kwa kumwita Bi Mkunjo, kwa kuwa hakuna kitu duniani alichokichukia kama mkunjo. Watu walidai kuwa siku ya harusi yake alimsimamisha bwana harusi mbele ya wageni ili amnyooshe suruali kwa kiganja. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa pahala pake pa kazi: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi ya mkaa, kona ya nguo chafu, na bakuli la maji. Hakutaka kusikia habari za chupa ya kupulizia. Alijaza maji mdomoni, akakaza midomo, akayapuliza juu ya nguo yakatua laini kila mahali sawasawa. Mama yake alikuwa dobi kabla yake na ndiye aliyemfundisha. Sasa mama alikuwa marehemu.

Kazi ya namna hiyo ina sharti moja tu. Maji yakiwa mdomoni, huongei. Mteja akiingia unamwonyesha kiti kwa kidole, na akiwa na haraka zake, shauri yake.

Muda mfupi kabla ya shati kukataa kukauka, Bi Mkunjo alikuwa amelivunja sharti hilo. Bomba la mtaa lilikuwa halitoi maji, na majirani wote walichota kwenye tangi lililokuwa nyuma ya nyumba moja iliyofungwa miaka mingi. Naye alichota huko. Adhuhuri ikafika, jua kali, mtaa mzima kimya, kila mtu yuko ndani. Alikuwa amejaza maji mdomoni, ameinama juu ya shati, aliposikia anaitwa kutoka nyuma yake, kwenye kona ya nguo chafu.

"Kidoti."

Jina hilo hakuna aliyelijua, hata mumewe. Mama yake peke yake ndiye aliyemwita hivyo, kwa ajili ya alama ndogo nyeusi chini ya kidevu. Na sauti ilikuwa ya mama huyo, ile sauti ya kumwita mtoto aje ashike upande wa pili wa shuka wakunje pamoja. Mtu akiitwa na mama yake hangoji kufikiri. Bi Mkunjo aliyameza yale maji yote kwa mkupuo mmoja, akageuka na kuitika, "Abee, mama."

Konani palikuwa na nguo chafu tu.

Alijicheka, akasema ni jua. Akalirudia shati, nalo ndipo likaanza vituko vyake. Kabla mkaa haujazima, maumivu yakaja. Yalianzia kitovuni, yakapanda taratibu hadi chini ya mbavu, yakageuka, yakashuka tena palepale, kama pasi inavyokwenda na kurudi kwenye mgongo wa shati. Alikaa chini sakafuni akisubiri yaishe. Hayakuisha.

Hospitali zilimchosha. Alipigwa picha za tumbo, akatolewa damu, akanyweshwa dawa nyeupe nzito, akaambiwa aache pilipili, ambayo hakuwahi kuipenda. Daktari mmoja alisema ni vidonda vya tumbo, mwingine akasema ni mawazo. Wa mwisho alikuwa kijana mpole. Alizipanga picha zote mezani, akazitazama kwa muda mrefu, akakiri kuwa haoni kitu na hajui la kumwambia, ila anaamini kwamba anaumwa. Bi Mkunjo alitoka pale akilia, kwa sababu hilo la kuaminiwa alikuwa amelikosa nyumbani.

Nyumbani alikuwa na mume, seremala wa milango, ambaye kila mtu alimwita Fundi na mkewe peke yake alimwita Fundi wangu. Tumtendee haki: mwanzoni alihangaika naye sana. Alimchemshia maji, alimkanda, aliacha milango ya watu nusu akampeleka kwa madaktari. Lakini kila karatasi ya majibu ilisema safi, safi, na moyo wa binadamu nao huchoka kuhurumia kitu kisichoonekana. Akaanza kununa. Kisha akaanza kunyamaza. Maumivu yakimzidi mkewe chumbani akaita, "Fundi wangu," Fundi aliyekuwa sebuleni macho wazi hakuitika. Aliita tena na tena. Mwaka mzima ulipita hivyo, na Bi Mkunjo angekuambia kuwa lile la kutoitikiwa lilimuuma kuliko tumbo lenyewe.

Wateja nao wakaanza kuhama, maana nguo zilitoka mezani kwake zikiwa na unyevu na harufu ya kitambaa kibichi kilichofungiwa sandukuni. Hata karani wa mahakama alihama, tena bila kuaga. Ndipo Fundi akatoa neno lake, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu.

"Mwezi huu ukiisha hujapona, nitakurudisha kwenu," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi nilioa mke. Sikuoa mgonjwa asiye na ugonjwa."

Aliyeligundua jambo ni wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, mwanamke mwenye mdomo mrefu aliyekuja siku hiyo kwa nia ya kumsuta. Alimkuta amelala kwenye mkeka chini ya meza ya kupigia pasi. Akamwinamia ili amwambie ukweli wake karibu na sikio, na maneno yakamwishia. Alisikia kitu. Aliweka sikio juu ya tumbo la wifi yake, kwanza kwa shaka, kisha kwa makini, na humo ndani, chini ya ngozi iliyokuwa baridi kama sakafu, akasikia maji yakizungushwa polepole, kama mtu anayesukutua kinywa asubuhi, yakizunguka upande huu na upande ule, yakitulia, halafu pumzi ndefu ikivutwa na mtu ambaye si huyu aliyelala, kwa maana huyu aliyelala alikuwa ameibana pumzi yake kwa woga, na baada ya pumzi hiyo ukaja mpulizo, laini, wa dobi anayeijua kazi yake.

"Wifi," alinong'ona, "huko ndani kuna mtu anapiga pasi."

"Najua," Bi Mkunjo akajibu. "Nani angenisadiki?"

Kesho yake wifi alimleta mganga. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mafua, anayepenga kamasi kwenye leso kila baada ya sentensi mbili, na hakuwa na mbwembwe zozote. Alitazama meza, akainusa bakuli, akauliza siku maumivu yalipoanza alimeza nini na alimwitikia nani. Bi Mkunjo akasimulia yote, hadi lile jina la utotoni. Mganga akatikisa kichwa. Maji hayana kosa, alisema, mtaa mzima umeyanywa. Ila jini lililokuwa tangini lilitaka mahali pa kukaa, likabisha hodi kwa sauti ya marehemu, na yeye akalikaribisha kwa mdomo wake mwenyewe. Litatoka kwa njia hiyohiyo. Asimame mezani adhuhuri, pasi ikiwa ya moto, ajaze maji mdomoni. Jini litapanda liingie kwenye maji. Litamwita. Asimeze, asiitike, na meza ikigongwa, apulize juu ya pasi.

"Na likishatoka halipendi kukaa nje," mganga aliongeza, akiwatazama wote wawili. "Litaita tena, litafute koo jingine. Asiitike mtu."

Wifi, aliyejijua alivyo, alichukua taulo la uso akalijaza mdomoni mapema. Fundi hakuwepo. Aliondoka alfajiri akisema hataki kushuhudia upuuzi, na siku zote hakuwa akirudi kabla ya magharibi. Hakuna aliyefikiri kumwambia lolote.

Adhuhuri ikaingia. Mtaa ukanyamaza kama siku ile. Bi Mkunjo alijaza maji, akasimama, mikono yote miwili mezani, na maumivu yakaanza kupanda, yakapita kitovu, yakapita mbavu, yakafika kooni, na maji ya baridi yaliyokuwa mdomoni yakapata uvuguvugu na uzito, yakaanza kujizungusha yenyewe juu ya ulimi wake.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mganga, ikamwambia tayari, imekwisha, yameze maji. Mganga alikuwa mbele yake na midomo yake imefumba. Ya pili ilikuwa ya wifi, na wifi alikuwa na taulo mdomoni. Kisha kimya. Kisha, konani kwenye nguo chafu, sauti ile nyingine.

"Kidoti. Mbona huniitikii? Nimekukosea nini, mwanangu?"

Machozi yakamtoka. Hakuwa na hofu tena wakati ule, na hilo ndilo lililokuwa la hatari. Alikuwa na hamu tu, hamu ya mtoto, kwa sababu sauti haikutisha wala haikulazimisha, ilisema imekaa peke yake mahali penye baridi, ilisema shuka ni ndefu na haina wa kushika upande wa pili, ikamtajia nyimbo na vidonda vya magoti na gauni la kijani ambalo mama alilinyoosha usiku ili asubuhi alikute limening'inia, na koo la Bi Mkunjo likaanza kucheza lenyewe, likitaka kumeza, likitaka kusema lile neno dogo ambalo watoto wote huwaitikia nalo mama zao, akauma ndani ya shavu mpaka maji yakachanganyika na damu, na ndipo mganga akagonga meza.

Akapuliza. Pasi ikalia. Mvuke ulipanda mwingi, wenye harufu ya nguo mbichi, ukasimama juu ya meza bila kutawanyika, mrefu, umeinama kidogo begani kama mtu aliyeshika pasi. Halafu ukapita dirishani.

Bi Mkunjo aligusa tumbo lake. Lilikuwa na joto, nalo lilikuwa kimya. Mwaka mzima alikuwa amesahau jinsi tumbo lisilouma linavyokaa, na alitaka kucheka, lakini mganga alimziba mdomo kwa kiganja na kumwonyesha nje kwa macho. Kule uani kulikuwa na sauti inaita. Ilikuwa sauti yake yeye Bi Mkunjo, yenye maumivu, ile aliyoitumia mwaka mzima.

"Fundi wangu."

Na pale kwenye mlango wa uani sauti ya mwanamume ikajibu haraka, kwa upendo, "Naam, mke wangu."

Aliingia akitabasamu, msumeno begani. Alieleza kuwa alikuwa kazini, akakumbuka alivyomwacha mkewe asubuhi, mifupa ya mikono yake ilivyochomoza, akaona aibu, akaacha kazi aje amwombe radhi. Njiani aliapa kuwa kuanzia leo mkewe hataita mara ya pili kabla ya kuitikiwa.

"Umeniita, nimeitika," alisema. "Mbona mnanitazama hivyo? Mbona unalia?"

Fundi akauweka msumeno chini, akashika kitovu, akakunja uso kidogo. Alisema ni njaa tu.

Mganga alipenga kamasi, akakaa kitini kwa uzito. Hawezi kulitoa tena leo, alisema. Ni kazi ya adhuhuri, na adhuhuri imepita. Kesho atarudi. Aliwaonya wote wawili, mke na wifi, kuwa mpaka hapo mtu huyu akiita wasiitike, kwa maana jini likishakaa ndani ya mtu hutumia sauti yake, na hawatajua ni nani anayeita. Bi Mkunjo aliuliza kwa sauti ndogo, je, na kama ni yeye mwenyewe? Mganga alisema kesho si mbali.

Jioni maumivu ya Fundi yakapanda. Bi Mkunjo alimlaza, akamkanda kwa kitambaa cha moto, akamfunika, akatoka kwenda kuongeza mkaa. Alikuwa bado jikoni aliposikia sauti ya mumewe kutoka chumbani.

"Mke wangu."

Alisimama. Ikaita tena, ikivunjika, na ilikuwa sauti ya mtu anayeumwa na kuogopa, anayetaka tu kujua kama kuna mwenzake ndani ya nyumba. Ingeweza kuwa yeye. Ikaita mara ya tatu, ikauliza kwa nini haitikiwi.

Bi Mkunjo alichota maji kwenye bakuli, akayajaza mdomoni, akaketi sakafuni nje ya mlango wa chumba. Alikaa hapo hadi asubuhi, akimsikiliza akiita.