Yule Mtu wa Burumba

Busia ni mji wa kushukiana, na miaka ile ya tisini ndipo ilipozidi. Mama mwenye tumbo kubwa akivuka kutoka upande wa Uganda, watu hawakumpongeza. Walijiuliza kwanza kama ni mtoto au ni sukari ya magendo. Kwa hivyo msimlaumu sana Okedi kwa alichofanya. Mlaumuni, ndiyo, lakini kwa kiasi chake.

Huyu Okedi alikuwa Mteso wa Amukura, kijana mtanashati, shati halikosi pasi, na alikuwa akiuza mitumba katika kibanda kilichotazamana na akina mama wa nyanya. Siku moja ya soko, watu wamejaa hadi barabarani, alikuwa ametundika makoti mazito ambayo hakuna mwenye akili angeyanunua kwa joto lile. Mara msichana akaingia kibandani na kujibanza nyuma ya makoti. Alivaa gauni la kijani lenye kola nyeupe na raba miguuni, nywele kazisuka mistari iliyolala vizuri hadi kisogoni. Hakugusa nguo hata moja. Alisimama tu akichungulia nje kwa upenyo ulioachwa kati ya makoti mawili.

"Dada, umeiba ama umeibiwa?" Okedi akamuuliza.

"Bado," akajibu bila kugeuka. "Nivumilie kidogo, boss. Niko kazini."

"Kazi ya kukagua makoti?"

"Ya kuyashikilia yasianguke."

Okedi akacheka, na katika kucheka kule akawa amekwisha. Msichana alirudi siku ya soko iliyofuata, akajibanza palepale, na iliyofuata tena. Okedi aliamini kwamba hayo mambo ya kazi yalikuwa kisingizio, kwamba binti wa watu alikuwa anakuja kumtazama yeye. Wanaume nao, ukiwaacha peke yao na kioo, hawana dogo.

Jina lake lilikuwa Ajiko, na kwao kulikuwa upande wa Malaba. Soda ikaleta chapati, chapati zikaleta matembezi ya Jumapili baada ya misa, na haukupita muda Okedi akawa anapanga foleni kwenye kibanda cha simu mbele ya posta, apige kule alikofanya kazi Ajiko. Alifanya kazi katika nyumba ya masista, kandokando ya barabara ya Malaba, walikotunzwa watu walioumia au kuugua vibaya, wengine kwa miaka mingi. Kazi yake haikuwa kuwalisha wala kuwafulia. Yeye aliwaandaa kuondoka pale, wakaishi peke yao mjini: wapike, wafue, wavuke barabara, wajue kufunga mlango na kuufungua. Akiizungumza kazi hiyo macho yalimng'aa. Kigumu, alisema, si kumfundisha mtu kupika ugali. Kigumu ni kusimama pale mikono umeiweka nyuma, ugali unaungua, na wewe usiuguse.

Lakini Okedi akiuliza ni nani na nani anaowafundisha, Ajiko alifunga mdomo kabisa. Hilo alisema halisemwi. Okedi akalimeza, ingawa halikushuka vizuri.

Aliyelitibua ni Akumu, muuza viatu wa kibanda cha pili, mama mwenye roho nzuri na macho mabaya. Alimwambia Okedi kwamba shemeji yao anaonekana mtaa wa Burumba kila asubuhi, anaingia chumba cha mwanaume katika ploti moja ya vyumba vya kupanga, na anatoka jua likiwa limeshapanda. Tena mwanaume mwenyewe si mzee. Ana mabega.

Okedi alimjibu kwamba pengine ni mgonjwa wa masista. Akumu akamuuliza ni mgonjwa gani anayebeba mtungi wa maji kwa mkono mmoja. Hapo shaka ikamwingia Okedi, kwa sababu kwake yeye mgonjwa alikuwa mtu aliyelala kitandani na blanketi la misheni. Mgonjwa mwenye mabega, aliyepanga chumba chake Burumba, hakuwahi kumsikia.

Jioni hiyohiyo akapiga simu.

"Burumba unafuata nini?"

"Nani amekuambia Burumba?"

"Kwa hivyo ni kweli."

"Okedi, mpenzi wangu, niulize kitu kingine chochote."

"Sina kingine."

"Basi niamini tu," Ajiko akasema, na sarafu ikaisha ndani ya simu.

Niamini tu. Mtu anakuambia hivyo katika mji ambao hata mkungu wa ndizi unachomwa chuma kuona kama kuna kitu ndani. Okedi hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alianza kumnusa Ajiko akija, kama ananuka moshi wa jiko la mtu. Akichelewa alihesabu hilo kuwa ushahidi, akiwahi alilihesabu vilevile. Ajiko akicheka alijiuliza kicheko hicho amekitoa wapi.

Siku ya soko ikafika, Ajiko akaja akajibanza nyuma ya makoti kama kawaida yake. Safari hii Okedi hakumtazama usoni. Alisimama nyuma yake, akayafuata macho yake yanakokwenda. Yalikwenda moja kwa moja hadi kwa mwanaume mmoja aliyeinama kwenye nyanya, mwenye shati safi na mabega mapana. Okedi akahisi damu imempanda. Kumbe tangu siku ya kwanza hakuwa anatazamwa yeye. Kibanda chake, makoti yake, na yeye mwenyewe akikenua meno hapo kila wiki, wote walikuwa maficho ya kumchungulia mtu wa Burumba. Akatoka nje kabla Ajiko hajamshika mkono.

Yule mtu, aliyeitwa Osukuku, alikuwa anazibonyeza nyanya moja moja, laini anarudisha, ngumu anaweka kando, na mwenye nyanya anamgombeza kama anavyomgombeza mteja yeyote. Okedi akamshika kola mbele ya watu wote.

"Ajiko ni nani wako?"

Nyanya ikapasuka mkononi mwa Osukuku. Watu wakaanza kusogea, maana ugomvi wa mapenzi huko hutazamwa bure. Mama mmoja akapaza sauti kwamba ajibu basi, ama kazi yake ni kuiba mabibi za watu. Hapo Osukuku akasimama wima, akasema polepole, kwa sauti iliyosikika safu nzima:

"Mimi nilianguka kwa lori huko Malaba. Kichwa yangu ikaharibika. Nimekaa kwa masista, na huyu dada ananifundisha kukaa peke yangu. Sina bibi ya mtu."

Mkono wa Okedi ukaanguka wenyewe. Ajiko alikuwa ametoka kibandani, amesimama nyuma yao. Kazi yao ilikuwa na desturi hiyo: mtu akianza kutoka peke yake, mwangalizi anamfuata kwa mbali bila kuonekana, na hamsaidii hata akikosea, ila gari likitaka kumgonga. Osukuku mwenyewe aliijua na aliikubali. Sasa alilipia nyanya zake, pamoja na ile iliyopasuka, akaondoka. Ajiko akamfuata kwa mbali vilevile, machozi yakimtoka. Okedi hakupewa hata jicho.

Ubaya wa jambo hilo ulionekana siku ya soko iliyofuata. Osukuku alipokuja, mama wa nyanya hakumgombeza. Alimchagulia yeye mwenyewe, akamwongezea, akakataa kabisa kubishana bei. Wa vitunguu alizungumza naye kwa sauti ya juu, kama anazungumza na kiziwi. Mwingine akamuuliza mama yake yuko wapi. Waliyafanya yote kwa huruma, na kila huruma ilimpunguza. Okedi aliyaona yote kutoka kibandani. Baada ya hapo Osukuku hakuja tena.

Okedi alipiga simu kila jioni, na kila jioni sista alimwambia Ajiko hayupo. Akashuku kwamba yupo, na safari hii alishuku sawasawa, maana siku moja ni Ajiko mwenyewe aliyeinua.

"Aliniomba kitu kimoja tu," akasema. "Kwamba hapa Busia asijulikane anatoka wapi. Malaba walimpa majina mabaya. Hapa alitaka kuwa mtu wa kununua nyanya, basi."

"Ungeniambia mapema ningejua."

"Haikuwa yangu kukuambia."

"Wacha nimwombe msamaha. Nimpelekee hata shati."

"Usimpelekee kitu, Okedi. Amechoka kupelekewa vitu."

Simu ikakatwa, na haikuwa sarafu. Okedi akabaki amekiegemea kibanda cha simu hadi watu wa foleni wakamwambia kama hapigi asogee. Alimpenda yule msichana, alimpenda hadi kifua kikauma, na alijua aliyempoteza si mwingine ila yeye.

Asubuhi moja isiyokuwa ya soko, Osukuku akatokea mlangoni mwa kibanda. Okedi alishtuka, akausogelea mti wake wa kutundikia nguo, akidhani amekuja kulipiza kola yake. Akachungulia nje amtafute Ajiko pembeni mwa vibanda, hakumwona. Osukuku alikuja peke yake kabisa. Akaonyesha shati moja la mistari na kuuliza bei.

Ulimi wa Okedi ulitaka kusema chukua tu, ndugu yangu, chukua na lile pia. Ukafika kwenye meno ukasimama. Badala yake akamtajia bei ile anayowatajia watu wa Nairobi.

"Huo ni wizi," akasema Osukuku.

"Hicho ni kitambaa cha Ulaya, mzee."

Osukuku akaligeuza shati, akakuta kola imechakaa na kifungo kimoja hakifanani na vingine, akavisema vyote viwili. Okedi akashuka kidogo, kwa kununa. Osukuku akapanda kidogo. Katikati akapotea, akasahau wamefikia wapi, akafumba macho na kuanza tena kutoka mwanzo. Okedi akangoja. Neno lilimwasha mdomoni, la kumsaidia amalize, lakini akalishikilia. Osukuku akaondoka kwa hasira, akaitwa, akarudi, wakapatana. Bei haikuwa nzuri. Ilikuwa bei ya soko.

"Siku ile nilikukosea," Okedi akasema akimfungia shati.

"Ulikosea," Osukuku akakubali, akachukua shati lake akaenda.

Kesho yake alasiri Ajiko akaja. Hakujibanza mahali. Alisimama katikati ya mlango kwa gauni la maua ambalo Okedi hakuwahi kuliona, na uso haukusema kama amekuja kwa heri au kwa shari.

"Umemuuzia Osukuku shati kwa bei gani? Mtu ameshinda analalamika ploti nzima kwamba wewe ni mwizi."

"Na wao wakasema nini?"

"Wakakubali. Kila mtu ana lake, mmoja umemuuzia suruali ikapasuka kanisani. Wamekaa naye mlangoni hadi giza, wanakusema. Tangu ahamie hakuna aliyewahi kukaa naye mlangoni. Ulifanya kusudi, ama ndiyo tabia yako?"

"Zote mbili," akasema Okedi.

Ajiko akacheka, akafuta macho, akacheka tena. Okedi akaona asingoje hadi moyo umpoe. Akamwambia kwamba anataka kwenda kwao Malaba, akakae na wazee, aseme alichonacho, kwamba anamtaka awe mke wake. Kwenye kibanda cha pili, Akumu akaacha kupanga viatu.

"Subiri kwanza," Ajiko akasema. "Kuna mwingine anahama. Sisemi nani, sisemi wapi. Pengine ni mwanaume, pengine naye ana mabega. Nusu ya siku zangu hutaijua, Okedi, leo hadi tuzeeke. Utaweza?"

Okedi akatamani kusema ataweza, akaona ni uongo. "Nitashuku," akamwambia.

"Shuku. Lakini usinifuate." Ajiko akajitengeneza kola, akasema kama mtu anayesema jambo dogo, "Kesho nitachelewa kuja."

Maneno yakajipanga mdomoni mwa Okedi: wapi, na nani, hadi saa ngapi. Akumu alikuwa ameshika kiatu kimoja hewani. Okedi akayameza, moja baada ya jingine, na yalikuwa machungu.

"Nikuwekee chakula," akauliza, "ama utakuwa umekula?"

Ajiko akamkaribia, akauweka mkono wake kifuani mwake.

"Niwekee," akasema.