Macho ya Mtoto wa Siku Nne

"Weka chini hicho kichupa!" Mama alifoka.

"Nimtie matone mawili tu."

"Hata nusu tone! Hiyo ni dawa ya mafundi wanaoumizwa macho na moto wa kuchomelea. Mwanao amechomelea geti lini?"

Mumewe, fundi vyuma aliyeitwa Cheche na mtaa mzima, aliduwaa mlangoni na dawa yake ya karakana. Kitandani, mtoto wa siku nne alilia. Kope zilikuwa zimevimba na kushikana. Mama alifuta usaha wa manjano, ukatoka mwingine.

"Jana ulisema ni tongotongo. Leo dawa ya karakana. Kesho utaleta nini, nyundo?"

Mkunga wa nyumba ya pili alisikia kelele, akaja. Alinawa mikono, akafungua kope za mtoto polepole. Akakunja uso.

"Alipozaliwa alipakwa dawa ya macho?"

"Hapana, shangazi. Alizaliwa humu ndani. Gari lilichelewa, nawe ulikuwa zamu."

"Haya si matongotongo. Ni vijidudu, huenda vya kisonono. Mama anaweza kuwa navyo asijue, mtoto akavipata wakati wa kuzaliwa. Jicho linaweza kutoboka kwa siku chache tu, mtoto akawa kipofu. Matone ya dukani hayatoshi. Maziwa ya mama hayatibu. Hospitali, sasa hivi!"

"Kisonono? Mimi?" Mama alimgeukia mumewe. Cheche alikuwa akikagua vidole vyake vya miguu.

"Sema!"

"Miezi ile ya mimba yako... nilikuwa nasikia maumivu nikikojoa. Nikanunua vidonge. Nikapona."

"Ukapona! Ukameza peke yako, mimi na tumbo langu ukatuacha tuoze! Uliona haya kuniambia. Mtoto akipofuka, huoni haya?"

Cheche alitia kichupa mfukoni.

"Mtagombana njiani," mkunga alisema. "Na mtatibiwa wote wawili, la sivyo mtaambukizana tena."

Mama alikuwa ameshamfunga mtoto kifuani. "Twende. Daktari akiuliza, utajibu wewe. Kwa sauti."

Hospitalini, Cheche alisema yote kabla hajaulizwa. Muuguzi alisafisha macho ya mtoto kwa maji maalumu, akamchoma sindano. Daktari alimulika jicho moja, kisha la pili.

"Mmewahi. Macho bado mazima. Atalazwa hapa tumwangalie."

Mama alishusha pumzi, kisha akapandisha mkono wa gauni lake. Alipochomwa, hakupepesa macho.

"Baba," muuguzi aliita, akichukua sindano mpya, "zamu yako."