Mji Uliopotea Kwenye Kompyuta

Kila siku akitoka shule, Kasuku alivua viatu, akala, akaosha sahani yake, kisha akaketi mbele ya kompyuta ya nyumbani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na nyumba nzima ilimwita Kasuku kwa sababu hakujua kunyamaza. Baba yake aliendesha lori la masafa marefu. Alirudi mara moja kwa mwezi, na kila aliporudi walicheza gemu moja tu, la kujenga mji. Walikuwa wameujenga kwa miaka miwili. Barabara zilikuwa kazi ya baba; shule, zahanati na mabomba ya maji vilikuwa vya Kasuku.

"Nikiwa safarini, wewe ndiye meya," baba alimwambia. "Nitunzie watu wangu."

Lakini mwezi huo Kasuku aliijaza kompyuta katuni alizopewa na wenzake. Maandishi mekundu yakatokea: nafasi ya kuhifadhi inakaribia kwisha. Akabofya "Sawa" bila kusoma. Kesho yake yakatokea tena, akabofya tena. Jumatano, alipokuwa akihifadhi gemu, kompyuta iliganda. Alingoja kidogo, akakosa subira, akachomoa waya ukutani.

Alipoiwasha, mji haukufunguka. "Faili limeharibika," skrini ilisema.

Alijaribu tena na tena. Alifuta katuni zote, lakini wapi! Alhamisi darasani mwalimu alimwita mara mbili asisikie. Kesho yake baba angekuwa nyumbani. Angemwambia nini?

"Mbona leo umekuwa bubu?" baba aliuliza Ijumaa mchana, shati bado lina vumbi la safari. "Washa mashine. Nimewakumbuka watu wetu."

Kasuku hakuisogelea kompyuta. "Umeme ulikatika, Baba. Mji umepotea wote."

Baba aliketi taratibu. Hakufoka. Aliitazama tu ile skrini.

Waliibeba kompyuta hadi kwa fundi, mwanamke mwenye miwani minene na meza iliyojaa bisibisi. Aliposikia habari ya umeme, alitikisa kichwa.

"Kama umeme umeipiga, diski haiaminiki. Nitafuta kila kitu nianze upya." Akavuta kibodi.

"Subiri, dada!" Kasuku alipaza sauti, machozi yakimtiririka. "Nimedanganya. Umeme haukukatika. Niliijaza katuni, ikanionya, nikapuuza. Ilipoganda nikachomoa waya."

Fundi aliondoa mkono kwenye kibodi. Baba alimgeukia binti yake.

"Hiyo ni habari nyingine kabisa," fundi alisema. "Huenda diski ni nzima, ilikosa nafasi tu, na mji wenu ukaandikwa nusu." Aliipima diski, kisha akapekua faili moja baada ya jingine. "Gemu hili huweka nakala ya zamani pembeni. Hii hapa, ya wiki tatu zilizopita."

Mji ukafunguka. Soko na mtaa mpya ambao Kasuku alijenga peke yake havikuwepo, lakini barabara za baba zilikuwepo zote. Kasuku alilia kwa kwikwi, safari hii kwa faraja.

Fundi alimwonyesha jinsi ya kuangalia nafasi iliyobaki, kuzima kompyuta kwa utaratibu, na kunakili gemu kwenye flashi kila wiki. Kasuku alinakili mwenyewe, kisha akaifungua ile nakala kuhakikisha kwamba ni nzima.

"Nisamehe, Baba," alisema walipotoka.

Baba alimshika bega. "Nimekusamehe. Lakini sikiliza, mwanangu. Mashine ikikuonya, soma; usipoelewa, uliza. Na ukiharibu kitu, sema ukweli siku hiyohiyo. Kosa lako lilitupotezea wiki tatu. Uongo wako ulibakiza dakika moja tu utupotezee miaka miwili."