Asali ya Kwenda Kiirua

"Mkitembea na mimi, hata kifungo cha shati hakipotei," Ireri aliwatangazia wenzake asubuhi ile wakipakia gari kule Siakago. Kufika saa tano, pipa zima la asali lilikuwa limepotea.

Na haikuwa asali ya kupaka mkate. Ilikuwa ya mahari. Muturi, binamu yake, alikuwa akiwapelekea akina Kendi, mchumba wake, kule Kiirua, na nyanya yao ndiye aliyeitia kwenye pipa dogo la mti, la zamani, lenye kifuniko cha ngozi. "Wakwe hawapelekewi asali kwa jerikeni kama mafuta taa," alisema. Bila asali hiyo wazee wa Kendi hawangekaa kuzungumza, na wasipokaa, harusi ya Desemba ingebaki ndoto. Walikuwa wakingojewa saa nane.

Kwa nini basi hawakwenda Kiirua moja kwa moja? Kwa sababu hakuna hata mmoja wao, isipokuwa dereva, aliyekuwa amewahi kuuona mji wa Meru, na Igoki, dada yake Muturi, aliapa kwamba hapiti hapo bila kuona mahali DC, mkuu wa wilaya wa wakoloni, alikuwa akihukumia watu. Njeru, dereva, aliwashusha mbele ya jengo la mawe ambalo sasa ni makumbusho, akaliacha gari hapo, akakimbia soko la Gakoromone mara moja. Waliona kiti cha DC, simu ya kuzungusha mkono, na chumba cha mahabusu ambacho Muturi alikataa kuingia hata kwa picha. Nyuma kulikuwa na nyumba ya nyasi iliyojaa vyungu, ngao na vifaa vya wazee. Wakafurahi, wakacheka, wakarudi garini.

Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

"Mtu asitoke hapa!" Ireri akavaa miwani yake ya jua. "Gari nilifunga mwenyewe, kwa mkono huu. Njeru! Onyesha vidole."

Vidole vilikuwa vinanata.

"Asali!" Ireri akaruka.

"Nanasi, bwana! Nimekula Gakoromone. Nusa."

Ireri akanusa. Lilikuwa nanasi.

"Na asubuhi nilikwambia hicho kifuniko kinavuja," Njeru akaendelea. "Ukasema nisikufundishe kazi."

Ireri akamgeukia bwana harusi. "Muturi, mbona unatoka jasho na Meru kuna baridi hivi?"

"Wewe ukienda kwa wakwe utatoka maji ya mwili yote."

"Labda umeogopa ndoa ukaficha asali."

"Nimfiche Kendi nini, na yeye ndiye nimemtafuta miaka yote hii? Aki Ireri, tafuta asali, wacha mchezo!" Sauti ya Muturi ilikatika. Hapo hata Igoki akaacha kucheka.

Ireri akainamisha kichwa kwa aibu, na kwa kuinama huko ndipo alipoona sisimizi. Msafara mrefu, wenye haraka. Ulianzia kwenye ngazi za jengo la DC, ukazunguka ukuta, ukaingia nyumba ya nyasi.

Ndani, vifaa vilikuwa vimepangwa kwa heshima. Vyungu vikavu, vibuyu vikavu, ngao imejaa vumbi. Na katikati, pipa moja la mti limezungukwa na sisimizi kama bibi harusi na wasimamizi wake. Mbele yake palikuwa na kibao: *Usiguse*.

"Mzee Mithika!" Ireri akamwita mtunzaji aliyewapokea walipoingia. "Chombo cha kale kinavujaje asali mbichi?"

Mzee alishika shavu. "Woi! Hiyo ni yenu? Mimi nimeikuta kwa ngazi. Wageni kila siku wanatoa vitu huku ndani, wanachezea, wanaacha nje. Nikasema hawa wa leo wamezidi! Nikairudisha nyumbani kwake."

"Na hukusikia ni nzito?"

"Kijana, vitu vya wazee vyote ni vizito."

Kifuniko kilikuwa hakijafunguliwa. Muturi akalikumbatia pipa, sisimizi na yote, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Siakago. Ireri akapanua kifua.

"Si niliwaambia? Kesi imefungwa. Twendeni."

"Ngoja," Igoki alisema. "Kama ulilifungia garini, lilifikaje kwenye ngazi?"

"Mwizi alipumzika hapo."

"Mwizi gani? Si mzee amelikuta?"

Ireri akakohoa. Akaangalia saa. Akasema wakwe wanangoja.

"Kaka wa miwani!" Sauti ilitoka langoni. Alikuwa Alice, mpiga picha wa wageni, anakuja mbio na bahasha. "Umekimbia bila picha yako! Walipokuita uone mahabusu, uliacha hadi pipa lako kwa ngazi. Nikajua utarudi."

Igoki akaiwahi bahasha. Pichani, Ireri alikuwa ameketi kwenye ngazi za DC, miwani usoni, pipa la mahari mapajani, kidole juu kama anayetoa hukumu.

Njeru akainama akishika mbavu, na mzee Mithika akalazimika kuegemea ukuta.

"Utalipakata hivyohivyo mpaka Kiirua," Igoki alisema, akipangusa machozi ya kicheko. "Na Alice, dada yangu, nitolee nyingine kama hii. Kubwa. Ni ya nyanya."

Ireri akavua miwani.