Mpitiaji wa Pili

"Soma tena," dada yake alisema. "Taratibu, kama unamsomea mgonjwa."

Wakili aliishika simu kwa mikono miwili, akasoma. "Tunasikitika kukujulisha kwamba makala yako haitachapishwa katika jarida letu. Mpitiaji wa kwanza amependekeza ikubaliwe baada ya marekebisho madogo. Mpitiaji wa pili amependekeza ikataliwe. Ripoti zote mbili zimeambatishwa."

"Mmoja ndiyo, mmoja hapana. Sasa hapana imeshindaje?"

"Hapana ina kurasa nne, dada. Ndiyo ina mistari sita."

"Kumbe kwenu anayeongea sana ndiye mwenye haki. Mbona basi mimi si jaji?"

Wakili alicheka, kisha kicheko kikamgeuka katikati, akafunika uso. Dada yake alikuwa ametoka zamu ya hospitali, bado amevaa viatu vyeupe. Alizima jiko, akavuta kiti, akakaa karibu naye.

Kwa miaka sita Wakili alikuwa akitetea watu wenye migogoro ya viwanja katika ofisi yenye meza tatu na feni moja. Jumamosi na Jumapili aliandika. Makala yake ilihusu jambo moja. Nchi kadhaa zimeungana katika jumuiya, zikaweka mahakama iliyo juu ya serikali zao. Raia anakwenda kule, anaishitaki serikali yake, anashinda. Serikali inaikunja hukumu, inaiweka kabatini. Raia afanye nini? Wakili alijibu kwa kurasa thelathini: arudi na hukumu yake katika mahakama ya nyumbani, na jaji wa nyumbani hana ruhusa ya kumfukuza.

Mahakama hiyo ya jumuiya ilikuwa imetangaza kazi ya mtafiti, mkataba wa miaka mitatu, katika nchi nyingine. Mwombaji alitakiwa awe na makala moja iliyokubaliwa na jarida linalotambulika. Maombi yangefungwa Ijumaa ya wiki inayofuata, saa kumi na moja jioni. Wakili alishajaza fomu yote. Ilibaki nafasi moja tupu, ya kuambatisha barua ya jarida. Jarida jingine lingemchukua miezi saba kumpa jibu.

"Umemwambia mchumba wako?" dada aliuliza.

"Nampigia."

Mchumba wake walimwita Dokta. Alifundisha sheria za jumuiya chuo kikuu, na harusi yao ilibakiza wiki kumi. Alipokea simu kwa mlio wa kwanza.

"Wamekataa," Wakili alisema.

"Pole, mpenzi. Pole sana." Sauti yake ilikuwa laini. "Jarida si baba wala si mama. Kuna kazi nyingine, na kuna mwaka mwingine."

"Tangazo kama hili nimelisubiri miaka minne."

"Najua. Nakuja kukuona?"

"Kesho. Leo niache nilie."

Hakulia sana. Asubuhi yake, ofisini, alizichapisha ripoti zote mbili na kuzisoma na kalamu mkononi, kama anavyosoma nyaraka za upande wa pili. Mpitiaji wa pili aliandika vizuri. Kurasa mbili za mwanzo zilikuwa lawama za jumla. Kurasa mbili za mwisho zilishambulia mahali pamoja tu:

"Katika sehemu ya nne, mwandishi anadai kwamba afisa wa serikali anayekaidi hukumu afungwe jela. Dai hili halina mguu katika mkataba wa jumuiya, nalo linaiangusha makala nzima."

Wakili aliweka kalamu chini. Alifungua nakala aliyoituma jaridani, akaikagua ukurasa kwa ukurasa. Sehemu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Hitimisho.

Sehemu ya nne haikuwepo. Aliikata yeye mwenyewe siku moja kabla ya kutuma, kwa sababu na yeye aliona haina mguu.

Alianza kuhesabu waliowahi kuisoma rasimu yenye sehemu ya nne. Hesabu ilikuwa fupi. Mtu mmoja, Jumapili moja, kwenye kochi lake, aliyegonga karatasi kwa kidole na kusema, "Hapa umewapata. Usiiguse hii."

Mhariri mkuu wa jarida alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Chumba chake kilijaa matoleo ya zamani mpaka dirishani. Wakili alimwekea ripoti na makala mezani, akaeleza. Mama alisoma, akabadilisha miwani, akasoma tena.

"Huyu hakusoma makala," alisema.

"Hakusoma, mama. Alikuwa anaijua."

"Mwanangu, jina lake siwezi kukutajia. Nikikutajia leo, kesho hakuna atakayenipitia makala hata moja."

"Sikuombi jina. Nakuomba ripoti ifutwe."

"Malalamiko yako nayapokea. Yanakwenda bodi. Bodi inakaa baada ya miezi mitatu."

"Mimi nina siku nane."

Mama alivua miwani ya usoni. "Iko njia moja. Kanuni inasema mpitiaji akimtambua mwandishi, arudishe makala. Akikaidi, halafu akaniandikia mwenyewe kuungama, ripoti yake inafutwa siku hiyo hiyo. Inabaki ile ya kwanza, na mimi nina mamlaka ya kuamua. Ningekukubalia bila kusita."

"Lazima aandike mwenyewe?"

"Lazima mwenyewe."

"Na asipotaka?"

Mama alitazama makala iliyokuwa mezani. "Hilo si ndilo ulilouliza kwenye kurasa thelathini? Una haki mkononi, na wa kuitekeleza ni yule yule aliyekudhulumu."

Mchana huo alikwenda chuoni. Dokta alikuwa anasahihisha mitihani, mlango wazi. Alipomwona aliinuka kwa furaha, akamwondolea mafaili kwenye kiti.

"Wakili wangu! Umekula?"

"Sehemu ya nne ya makala yangu inahusu nini?"

"Ya nne? Afisa mkaidi. Kifungo." Alitabasamu. "Unanipa mtihani?"

"Niliikata."

"Umeikata lini?"

"Kabla ya kutuma. Jarida halikuwahi kuiona. Mpitiaji wa pili ameiponda kurasa mbili nzima."

Tabasamu lilibaki usoni muda mfupi, kisha likaondoka. Dokta aliufunga mlango. Aliporudi hakukaa kwenye kiti chake, alikaa ukingoni mwa meza, mikono katikati ya magoti.

"Hukuifungua hata makala yenyewe," Wakili alisema.

"Nilidhani naijua."

Alikuwa amekiri. Wakili alikuwa amejiandaa kwa ubishi, ana karatasi tatu kwenye mkoba, na sasa hakuwa na pa kuziweka.

"Kwa nini?"

"Miaka mitatu, mpenzi. Kaka yangu mkewe alikwenda kusoma mwaka mmoja. Mpaka leo anasoma."

"Mimi ni shemeji yako?"

"Siyo."

"Ungeniambia nisiende."

"Ungekataa."

"Tungejadiliana."

"Kujadiliana na wewe nimewahi kushinda lini?" Alijaribu kucheka, akashindwa. "Waliponitumia makala niliona kichwa chake tu, nikajua ni wewe. Nilitaka kuirudisha. Wallahi nilitaka. Halafu nikakumbuka tangazo la kazi. Nikasema, hapa ripoti moja tu, na atabaki. Na wala hatajua."

"Jana uliniambia jarida si baba wala si mama."

Dokta alifunika macho. Machozi yalipita katikati ya vidole. Wakili alimtazama. Alitaka kumpiga kofi, na mkono wake ulitaka kumshika bega, na kati ya hivyo viwili hakufanya chochote.

"Andika barua," alisema. "Kwa mhariri. Mistari mitatu inatosha. Mwisho ni Ijumaa ijayo."

"Wataniondoa kwenye bodi ya jarida. Chuo kitajua. Wanafunzi watanicheka."

"Najua."

"Nitaandika. Naapa nitaandika. Usiniache tu."

Kesho yake, Ijumaa, ujumbe wa Dokta uliingia: "Naandika leo. Nipe nafasi nitulie."

Jumatatu: "Nimeianza. Maneno mazito, mpenzi."

Jumatano: "Mama yangu anauliza kadi za mwaliko tutachapa lini. Nimjibu nini?"

Wakili alijibu: "Mjibu kwamba unaandika barua."

Dada yake alikuwa hajui kutulia. "Niachie mimi. Nakwenda pale chuoni na magwanda yangu haya, nasimama mlangoni mwa darasa lake, nasema nimekuja kumchoma sindano ya ukweli."

"Dada, barua ya kulazimishwa ataikana."

"Basi nenda kwa jaji."

"Jaji gani? Shauri hili ni kati ya mtu na dhamiri yake. Halina masijala."

"Unampenda bado?"

Wakili aliendelea kukunja nguo.

"Nimekuuliza."

"Nampenda. Sasa nifanyeje, niikate kama sehemu ya nne?"

Alhamisi yeye ndiye aliyeandika: "Kesho saa kumi na moja."

Jibu: "Najua. Nakupenda."

Ijumaa saa tisa alasiri mhariri alipiga simu. "Sijapata kitu, mwanangu. Chai yangu imepoa hapa hapa, natazama kompyuta tu."

"Asante, mama."

"Barua yako nimeshaiandaa. Inasubiri yake tu."

Saa kumi Wakili alimpigia Dokta. Simu iliita mpaka ikakatika. Saa kumi na nusu alipiga tena. Saa kumi na dakika hamsini alifungua fomu ya mahakama, akakaa mbele ya nafasi tupu. Hakukuwa na kitu cha kuandika wala cha kubonyeza. Nje ya ofisi, mteja wake mmoja alikuwa anagombana na katibu kuhusu mhuri. Saa kumi na moja maandishi mekundu yalitokea: maombi yamefungwa.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, mhariri alipiga tena. Alikuwa anazungumza polepole.

"Imekuja. Saa mbili kasoro. Ameungama yote, na amejiuzulu bodi. Makala yako nimeikubali, itatoka toleo lijalo. Hongera, mwanangu. Na pole."

"Mama, barua ina tarehe gani?"

"Unaitakia nini?"

"Naomba unisomee."

Ulisikika mlio wa miwani ikibadilishwa. "Ajabu. Ina tarehe ya Ijumaa. Si ya jana. Ijumaa ya wiki iliyopita."

Wakili alishukuru, akakata simu.

Dokta alikuja Jumapili alasiri. Alikuwa amekonda, shati halijapigwa pasi. Wakili alisimama mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Nimeandika," Dokta alisema. "Umesikia? Nimejitoa bodi. Mkuu wa kitivo ameniita kesho. Nimepoteza kila kitu kwa ajili yako."

"Nimesikia."

"Na makala yako itatoka. Jina lako litasomwa kote."

"Uliiandika lini?"

"Ijumaa usiku. Sikulala."

"Ijumaa ipi?"

Dokta alitazama ngazi.

"Juu ya barua kuna tarehe," Wakili alisema. "Uliiandika kesho yake tu, siku ile uliyoniambia unaandika. Ilikuwa tayari. Ukaiweka siku nane, ukaituma saa kumi na tano baada ya dirisha la maombi kufungwa. Ukasahau kubadilisha tarehe, kwa sababu wewe huwa husomi tena."

"Kila siku nilikuwa nakaa nayo." Sauti yake ilishuka. "Kila siku, mpenzi. Kidole hapa, nitume, nisitume. Nikituma unaondoka. Nisipotuma nakuwa mtu mbaya. Nikaona nikisubiri kidogo..."

"Utakuwa mtu mwema na mimi nitakuwepo."

Dokta hakukana. Aliegemea ukuta wa korido kama mtu aliyetua mzigo mahali pasipo pake.

"Ni kwa sababu nakupenda," alisema.

"Najua. Hilo sina shaka nalo hata kidogo."

"Basi nisamehe. Kosa ni moja."

"Ni mawili. La kwanza nilikuwa nimeshakusamehe. Ungetuma Ijumaa saa kumi na dakika hamsini na tano, leo tungekuwa tunachapa kadi."

Jirani alipita na ndoo, akawasalimia wote wawili, wakamwitikia kwa adabu. Walisubiri mpaka mlango wake ukafungwa.

"Kwa hiyo utakwenda wapi?" Dokta aliuliza. "Kazi haipo."

"Siendi popote. Kesho nina kesi ya kiwanja saa tatu."

"Basi upo."

"Nipo."

"Basi mimi na wewe..."

Wakili alivua pete. Ilikwama kwenye kifundo cha kidole, akaizungusha, akaivuta, na muda wote huo Dokta alimtazama bila kujua kama anapaswa kumsaidia. Ilipotoka aliiweka kwenye kiganja cha Dokta, akamfunga vidole kimoja kimoja, kwa upole, kwa maana hakuwa amepata njia nyingine ya kumshika.

Akafunga mlango.

Alisubiri kusikia hatua zikishuka ngazi. Hazikushuka. Alijua yupo pale, upande wa pili wa ubao wa mlango, umbali wa mkono. Yeye hakuondoka mlangoni na yule hakuondoka koridoni. Ilipita robo saa, kisha nusu. Mara mbili Wakili aliinua mkono hadi kwenye kitasa, na mara mbili akaushusha.