Namba za Mita ya Gesi

Séverin alikutana na Zilpah Jumamosi moja ya Januari 2008, katika duka moja la ughaibuni lililofurika watu pale Ladypool Road, kila mmoja kashika ncha ya mfuko uleule wa unga wa muhogo. Séverin ni Mkongo, mkalimani wa simu anayefanyia kazi sebuleni kwake Sparkbrook. Zilpah, Mkenya aliyevaa koti jekundu na skafu ya manjano, alikuwa mwanafunzi wa chuo aliyechunguza kama wanaofanyia kazi nyumbani kweli wanapunguza hewa ukaa. Akamwachia unga, kisha bila haya akamwomba namba za mita yake ya gesi.

Basi kila Jumatatu simu ililia. Séverin alisoma namba, Zilpah akaandika, halafu wakataniana saa nzima. Wiki ya kwanza alisoma ukweli, na Zilpah akashangaa gesi ilivyo nyingi. Mshangao ule ulimchoma. Tangu hapo akaanza kupunguza namba: hita ya gesi inawaka kutwa, mwenyewe kavaa fulana, lakini kwenye simu anajisifu kuwa anafanya kazi kajifunika blanketi. Zilpah akamwita mwanamume wa mfano. Mapenzi yakanoga, hata wakashikana mikono Stratford Road mbele ya watu wa kanisani kwao Zilpah, jambo ambalo Zilpah hakuwahi kulifanya na mtu.

Ila dhamiri haikumpa Séverin raha. Zamani alikwenda ofisini kwa basi, na basi lile bado linapita, awemo asiwemo. Hakuwa ameokoa kitu. Alikuwa akipasha joto nyumba nzima kwa ajili ya mtu mmoja, kisha akamdanganya mwanamke aliyemwamini. Aliposikia kwamba ripoti ya Zilpah itakabidhiwa chuoni Ijumaa, aliamua kusema ukweli.

Jumatano akapanda basi hadi Northfield, alikoishi Zilpah. Zilpah alimfungulia mlango akicheka, na kicheko kile kikamzidishia hatia.

"Chérie, niko na kitu ya kukuambia. Ile manamba nilikuwa nakupa, ni ya uongo. Ya kweli niliandika nyuma ya kalenda. Ni hii."

Zilpah aliipitia kalenda, akakaa. "Mbona, Séverin?"

"Niliogopa utanizarau."

"Nimeandika kwa report kazi ya nyumbani inapunguza gas. Sasa supervisor namwambia nini?" Akaitazama tena kalenda. "Na mimi pia nilizipenda hizo namba. Ndiyo maana sikukuuliza."

Séverin akasimama aondoke, machozi yanamlenga. Zilpah akamwambia akae amsomee namba za kalenda. Tangu mchana hadi jioni alisoma, na Zilpah akafuta kurasa alizozihangaikia kwa wiki nyingi. Kila ukurasa uliofutwa ulimuuma Séverin, wala hakuthubutu kumshika mkono.

Walipomaliza, Zilpah akafunga kompyuta. "Kuanzia Jumatatu nitakuwa nakuja kusomea kwako. Watu wawili hawahitaji heating mbili."

Séverin aliinua uso, asiamini. "Umenisamehe?"

"Bado. Na hiyo mita nitaisoma mwenyewe."